Swali la lugha: Je, "dawa ya kisukari" yaweza "kuponya" saratani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mfasiri wa habari za afya, niko Morogoro. Nimetafsiri habari kuhusu watafiti wanaozijaribu dawa za zamani kwa magonjwa mengine, hasa saratani. Nimeziita "dawa zinazotumika tena", na kichwa cha habari nimeandika "Dawa ya kisukari yaponya saratani". Mhariri amevikataa vyote viwili. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Mhariri wako yuko sahihi. Nianze na kichwa cha habari, maana hicho ndicho kinachoweza kumdhuru msomaji.

Kutibu ni kazi ya tabibu. Kupona ni hali ya mgonjwa. Tunasema "Ametibiwa miaka miwili lakini hajapona", na hakuna anayeshtuka. Sasa jaribu "Ameponywa lakini hajapona": sentensi inajipinga yenyewe. Ukiandika "yaponya", umeshaahidi matokeo, tena kwa wakati ambao msomaji huuelewa kama jambo la siku zote.

Na matokeo hayo hayapo. Nadhani habari yako inaihusu metformini, vidonge ambavyo wenye kisukari wengi wanavifahamu. Katika maabara ilionekana kupunguza kasi ya ukuaji wa seli za saratani, watu wakatumaini mengi. Ndipo likafanywa jaribio kubwa kwa wanawake zaidi ya 3,600 waliotibiwa saratani ya matiti na ambao hawakuwa na kisukari: baadhi wakapewa metformini, wengine kidonge kisicho na dawa. Majibu yaliyotangazwa mwaka 2022 hayakuonyesha kwamba, kwa jumla, metformini inazuia ugonjwa kurudi. Mgonjwa anayesoma "yaponya" anaweza kuahirisha upasuaji akimeza vidonge vya jirani yake. Ndiyo maana kitenzi hiki hakivumiliki hapo.

Sasa tuje kwenye "dawa ya". Dawa ya kikohozi hutuliza kikohozi, dawa ya mbu huua mbu, dawa ya meno huyasafisha meno, na dawa ya deni, wahenga walisema, ni kulipa. Kile kihusishi "ya" hakisemi dawa inafanya nini. Msomaji hujaza mwenyewe kwa anavyojua. Katika mazungumzo hakuna tatizo. Tatizo huanza dawa moja inapokuwa na kazi mbili, kwa sababu "ya" huifunga kwenye ugonjwa mmoja kana kwamba imezaliwa nao.

Chukua haidroksiyurea. Ilianza kutumika hospitalini miaka ya 1960 kutibu baadhi ya saratani. Baadaye ikagundulika kwamba huuchochea mwili wa mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu, kutengeneza himoglobini (kibeba oksijeni cha damu) ya aina aliyokuwa nayo tumboni mwa mama, ambayo huzuia chembe nyekundu za damu zisijikunje. Ikajaribiwa kwa watoto zaidi ya 600 huko Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, na matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha maumivu yamepungua, malaria imepungua, mahitaji ya kuongezewa damu yamepungua, na vifo pia. Mzazi akiambiwa kliniki "hii ni dawa ya saratani", anaweza kuificha kabatini kwa hofu. Mwambie "hutumika kutibu baadhi ya saratani, na pia selimundu". Maneno yanaongezeka, lakini mtoto anameza dawa yake.

Kuhusu "zinazotumika tena": "tena" huturudisha kwenye kitu kilichokwisha kutumika, kama chupa, au sindano, Mungu apishe mbali. Msomaji ataona dawa iliyobakizwa na mgonjwa mwingine. "Kubadilisha matumizi" nako kuna kasoro, kwa kuwa anayebadilisha huacha cha kwanza, ilhali metformini bado inashusha sukari. Mimi huandika "kuipa dawa matumizi mapya".

Ipo dawa moja ambayo "kubadilisha" kunaifaa hasa: thalidomaidi. Iliuzwa Ujerumani Magharibi tangu 1957 kama dawa ya usingizi, wajawazito wakaitumia kutuliza kichefuchefu, na maelfu ya watoto wakazaliwa na mikono au miguu isiyokamilika. Iliondolewa sokoni mwaka 1961. Miaka michache baadaye daktari Jacob Sheskin, huko Jerusalem, alimpa mgonjwa wa ukoma ili apate usingizi, akaona na vidonda vya ngozi vinapoa. Marekani iliidhinisha itumike kwa tatizo hilo la ukoma mwaka 1998, na mwaka 2006 kwa mailoma, saratani ya uboho. Kazi yake ya kwanza imekwisha kabisa, kwa hiyo hapo andika "imebadilishiwa matumizi" bila wasiwasi.

Kichwa chako basi kiwe "Dawa inayotumika kwa kisukari yachunguzwa dhidi ya saratani". Kama utafiti ulifanywa kwa panya, "panya" waingie humo humo kwenye kichwa, si aya ya tano. Nafasi ikiwa finyu, fupisha kwingine kote, lakini "yachunguzwa" usiiguse.