Kabla hujatuma pesa China, hesabu siku

Mimi ni wakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Wengi wanaokuja ofisini wakitaka kuagiza kontena lao la kwanza huja na bei mbili kichwani: bei ya kiwandani Guangzhou au Yiwu, na bei ya Kariakoo. Wameshatoa moja kutoka kwa nyingine na faida wameiona. Swali langu la kwanza kwao ni hili: pesa unayoitoa leo itarudi mkononi mwako baada ya siku ngapi? Wengi hunitajia siku za meli baharini, na hizo ni sehemu tu ya hesabu.

Katika miaka niliyotoa mizigo bandarini nimeona watu wakifilisika, na wengi wao bidhaa zao zilikuwa nzuri na wateja walikuwepo. Kilichowamaliza ni muda. Walinunua mambo yakiwa hivi, wakaja kuuza yakiwa vile, na katikati hawakuwa na akiba ya kuwavusha. Anayenunua nje ya nchi anafunga pesa yake kwa miezi, na dunia haisimami kumsubiri.

Tuhesabu pamoja. Unatuma asilimia 30 ya awali, kiwanda kinaanza kazi: weka siku 30, na zaidi sana ukiangukia Mwaka Mpya wa Kichina, ambao huja kati ya mwisho wa Januari na Februari na kufunga viwanda kwa wiki kadhaa. Mzigo ukikamilika unalipa asilimia 70 iliyobaki, unapelekwa kwa lori hadi bandari ya Ningbo au Nansha na kusubiri nafasi melini: wiki moja. Baharini weka siku 25 hadi 40, maana makontena mengi hushushwa Singapore, Port Klang au Colombo yakasubiri meli ya pili. Kuutoa bandarini, wiki moja hadi mbili kama nyaraka ziko sawa. Halafu kuna kuuza, na hapa ndipo hesabu za wengi zinapokosa ukweli. Mteja wa Mbeya, Tunduma au Lubumbashi huchukua mzigo akalipa nusu, na nusu nyingine anailipa baada ya mwezi au miwili. Ukijumlisha yote unakaribia siku 140.

Maana yake ni kwamba mtaji wako unazunguka mara mbili na nusu kwa mwaka. Faida ya asilimia 20 kwa kila mzunguko inakupa asilimia 50 kwa mwaka mzima, kabla ya riba ya mkopo. Jirani yako anayenunua jumla hapo hapo Kariakoo na kuzungusha mtaji kila wiki tatu, hata akipata asilimia 4 tu kila mara, anakupita. Simkatishi mtu tamaa. Nataka ajue kwamba kuagiza nje kunalipa pale faida inapotosha kufidia miezi ambayo pesa imelala, na kwa bidhaa nyingi haitoshi.

Sasa fikiria yanayoweza kutokea duniani ndani ya siku hizo 140. Machi 2021 meli Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilikwama kwenye Mfereji wa Suez kwa siku sita. Mei na Juni mwaka huo huo bandari ya Yantian, Shenzhen, ilipunguza kazi kwa sababu ya UVIKO, na Agosti sehemu ya bandari ya Ningbo ikafungwa kwa karibu wiki mbili. Kuanzia Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen wakaanza kushambulia meli katika Bahari ya Shamu. Wateja walikuwa wakiniuliza, kwa haki kabisa, kwa nini nauli ya kontena lao ipande wakati meli ya kutoka China kuja Dar haipiti Bahari ya Shamu wala Suez. Jibu ni kwamba meli zinazokwenda Ulaya zililazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ikaongezeka kwa siku kumi na zaidi, na kampuni za meli zikahitaji meli na makontena mengi zaidi kufanya kazi ile ile. Vyombo vikavutwa huko, njia zetu zikapungukiwa, bei ikapanda.

Kuna jambo ambalo wachache hulipigia hesabu: nauli ikipanda, kodi nayo inapanda. Forodha ya Afrika Mashariki hutoza ushuru juu ya thamani ya bidhaa pamoja na bima na nauli mpaka bandarini, yaani CIF. Chukua bidhaa yenye ushuru wa asilimia 25. Kila dola 1,000 inayoongezeka kwenye nauli inaongeza ushuru wa dola 250, kisha VAT ya asilimia 18 inakokotolewa juu ya jumla ya hizo 1,250, yaani dola 225. Kwa hiyo dola 1,000 ya nauli inakutoa dola 1,475, na hapo sijagusa tozo nyingine ndogo. Aliyesajiliwa VAT atarejesha ile 225 baadaye, lakini bandarini ataitoa kwanza. Ndiyo maana namwambia kila mteja afanye hesabu mara mbili, ya nauli ya leo na ya nauli iliyozidi maradufu. Ya pili ikimwacha na hasara kubwa, mzigo huo usubiri.

Dola nayo ina hadithi yake. Kuanzia Machi 2022 hadi Julai 2023 benki kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sifuri hadi zaidi ya asilimia 5, na dola zikawa adimu kwetu. Hapa Tanzania tulitoka shilingi 2,300 na ushei kwa dola mwanzoni mwa 2023 tukavuka 2,600 katikati ya 2024. Aliyepanga kulipa salio la dola 21,000 kwa 2,400 akalilipa kwa 2,600 aliongeza shilingi milioni 4.2 ambazo hakuna mteja aliyemrudishia. Watu wakajifunza kununua dola mapema na kuzificha. Kisha Desemba 2024 shilingi ikapata nguvu ghafla, dola ikashuka chini ya 2,500, na waliojaza maghala kwa dola ya bei ya juu wakakuta mwenzao ameingiza mzigo kwa gharama nafuu na anauza chini yao. Wakenya yaliwakuta mapema zaidi: mwezi Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160 za kwao, na miezi michache baadaye ikawa karibu 130.

Ushauri wangu hapa ni kuacha kubashiri. Mfanyabiashara wa vyombo vya jikoni hana sababu ya kushindana na mabenki kujua kesho ya dola. Gawanya oda. Badala ya kontena moja la futi 40 lililojaa aina moja ya bidhaa, agiza mara mbili au tatu kwa mwaka, hata kwa kuchangia kontena na wengine, ili bei zako za dola zijisawazishe zenyewe. Gharama kwa kila ujazo itakuwa kubwa kidogo, lakini utalala usingizi. Pili, siku unayotuma asilimia 30, weka kando shilingi za salio lote na za ushuru. Pesa ya ushuru isitegemee mauzo ya mzigo uliotangulia, maana mzigo uliotangulia una tabia ya kuchelewa kuuzika hasa pale meli mpya inapotia nanga. Tatu, muombe muuzaji bei kwa yuan na kwa dola pia. Gharama zake ni za yuan, na akikupa bei ya dola mara nyingi ameshajiwekea nafasi ya kujikinga, na nafasi hiyo unailipia wewe.

Nikiruhusiwa kukazia jambo moja tu la mkataba, nitakazia herufi tatu zilizoandikwa kando ya bei: FOB au CIF. Kwa FOB muuzaji anaishia kupakia mzigo melini, nauli na bima ni juu yako. Wanaoanza hupenda CIF kwa sababu muuzaji anabeba nauli na bima, na wao hudhani amebeba pia hatari hadi Dar. Sivyo. Chini ya masharti hayo hatari inahamia kwako mzigo unapopakiwa melini kule kule China. Kontena likiharibika baharini, wa kuhangaika na kampuni ya bima ni wewe, na bima hiyo aliichagua yeye, kwa kawaida ya kiwango cha chini. Tena sheria ya Tanzania inataka mzigo unaoingia ukatiwe bima kwa kampuni ya hapa nchini, hivyo unaweza kujikuta umelipia mara mbili. Ubaya mkubwa zaidi uko kwenye mizigo ya kuchangia kontena. Nimeona nauli ya CIF ambayo ni kama bure kabisa, halafu mzigo ukifika Dar wakala wa upande wa huku anatoa ankara ya gharama za kufungua kontena na za nyaraka inayozidi nauli ya kweli, na hakuachii mzigo mpaka ulipe. Nunua kwa FOB, tafuta msafirishaji wako mwenyewe, na akuandikie gharama zote za pande zote mbili kabla hujakubali.

Msafirishaji huyo huyo muombe siku za bure za kontena kabla ya kufunga nafasi melini. Baada ya meli kufika hakuna wa kukusikiliza. Kampuni za meli hutoza kila siku kontena linapokaa nje ya muda wa bure, na bandari au bandari kavu nayo ina tozo yake ya kuhifadhi, kila moja ikipanda kadiri siku zinavyokwenda. Kinachochelewesha mara nyingi ni karatasi: jina kwenye hati ya shehena (bill of lading) halifanani na la TIN, au hati halisi bado iko njiani kutoka China. Pata nakala ya rasimu ya hati hiyo na unipe, au umpe wakala wako, aisome kabla haijatolewa.

Namba ya HS, yaani namba ya kundi la bidhaa inayoamua ushuru wake, nayo ijulikane mapema. Tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una ngazi nne, sifuri, 10, 25 na 35, na bidhaa mbili zinazofanana machoni zinaweza kuangukia ngazi tofauti. Ukiwa na shaka, TRA wanapokea maombi ya uamuzi wa awali. Na bidhaa zinazohitaji cheti cha ukaguzi wa TBS, shirika la viwango, kabla ya kusafirishwa zikaguliwe huko huko, si hapa.

Kuhusu malipo nitasema kwa sauti kubwa kidogo. Mteja wangu mmoja alikuwa amefanya kazi na kiwanda kimoja kwa miaka, wanaaminiana. Siku ya kulipa salio akapokea barua pepe kwenye mazungumzo yale yale, lugha ile ile, ikisema akaunti ya kampuni iko kwenye ukaguzi wa hesabu na alipe kwenye nyingine. Akalipa. Wezi walikuwa ndani ya barua pepe za kiwanda kwa wiki nyingi, wakisoma na kusubiri siku hiyo. Pesa haikurudi. Akaunti ikibadilika, hata kwa tarakimu moja, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, muone mtu uso kwa uso kwenye video, na jina la akaunti lifanane na la kampuni iliyo kwenye ankara. Kwa oda kubwa na muuzaji mgeni, barua ya dhamana ya malipo kupitia benki (letter of credit) ina gharama na usumbufu, ila benki hailipi mpaka nyaraka zifanane na mlichoandikiana.

Tangu Marekani ilipopandisha tena ushuru kwa bidhaa za China mwaka 2025, viwanda vingi vimegeuza macho kwetu, na mauzo ya China kwenda Afrika yameongezeka kwa kasi. Wateja wangu wanapata ofa ambazo zamani hazikuwepo: kiwango kidogo cha kuanzia, malipo ya awali ya chini. Zitumie kujadiliana masharti, hasa siku za malipo, na usizitumie kuongeza ukubwa wa oda. Ofa hiyo hiyo imetumwa kwa kila duka la mtaa wako, na mizigo yote itashuka mwezi mmoja.

Ninaowaona wametulia zaidi siku hizi ni wale waliopata njia ya kuingiza dola wenyewe. Tangu Desemba 1, 2024 China imeondoa ushuru wa bidhaa zote kutoka nchi maskini zaidi zenye uhusiano nayo, Tanzania ikiwemo, na China ni mnunuzi mkubwa wa ufuta. Baadhi ya wateja wangu wamejiunga wawili watatu, wananunua ufuta wa Lindi kwenye minada inayoendeshwa kupitia TMX, soko la bidhaa la Tanzania, wanausafirisha, na dola zinazoingia ndizo wanazolipia mizigo yao. Nako hesabu ya siku ni ile ile, ila imegeuka: mnadani unalipa shilingi mara moja, dola zinakuja baada ya mnunuzi kupata nyaraka. Minada hufunguka karibu Mei au Juni, kwa hiyo mazungumzo na mnunuzi wa China, pamoja na sampuli na masharti ya ukaguzi wa afya ya mimea, yawe yamemalizika mapema, Machi au Aprili.