Ini la mtoto hulishwa tangu tumboni: wanangu wawili, mimba mbili tofauti

Mkuu uliyeanzisha uzi, natamani kuna mtu angeniuliza swali lako mwaka 2013, kwamba anachokula mjamzito kinaligusa ini la mtoto au la. Umesema mkeo ana mimba ya miezi minne, na mama mkwe wako anasema magonjwa ya ini ni ya walevi, kwa hiyo mjamzito ale chochote kinachopatikana ilimradi ashibe, ila mayai asiguse. Nitajibu kwa kirefu, maana nina watoto wawili na hali za maini yao hazifanani.

Mimi ni mzaliwa wa Kondoa, sasa naishi Dodoma mjini. Sina taaluma ya udaktari. Haya nimeyapata kwa wauguzi na madaktari walionihudumia, na kwa kusoma usiku baada ya kupewa majibu ambayo sikuyategemea.

Kwanza jua njia ambayo chakula cha mama hupitia. Damu inayotoka kwenye kondo inaingia kwa mtoto kupitia mshipa wa kitovu, na sehemu kubwa ya damu hiyo inapita kwenye ini lake kabla ya kufika kwenye moyo. Kwa hiyo kitu chochote kikishavuka kondo, kiwe lishe au sumu, ini hukutana nacho mapema, tena lingali changa na bado lina kazi ya kutengeneza chembe za damu.

Mimba yangu ya kwanza nilikula dona mchana na usiku, na asubuhi uji wa lishe. Kliniki walisisitiza uji wa lishe nami nikatii. Mahindi yalitoka nyumbani. Mwaka ule mvua zilichelewa kukatika, yakavunwa na unyevu, yakaanikwa chini kwenye udongo mtupu na kuingizwa kwenye viroba kabla hayajakauka. Karanga za kuchanganya kwenye unga nilinunua zile zilizovunjika na kusinyaa, kwa kuwa bei yake ilikuwa chini na zikishasagwa hakuna anayezitambua. Hivyo ndivyo wengi wetu tulivyofanya, na sikuwa na sababu ya kuogopa.

Sababu niliiona 2016. Watu wa vijiji vya Dodoma na Manyara walianza kuugua katikati ya mwaka: macho ya njano, tumbo kujaa, kutapika. Wagonjwa walioandikishwa walikuwa 68, na 20 kati yao wakafariki. Kilichowaua kilikuwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Ndugu zetu wa Makueni na Kitui kule Kenya walishapitia msiba wa aina hiyo mwaka 2004, wagonjwa 317 na vifo 125.

Sumukuvu hutengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizokaa na unyevu. Kuchemsha ugali hakuiondoi. Nafaka inaweza kuonekana nzima kabisa na bado ikawa nayo. Kinachokuhusu wewe moja kwa moja ni kwamba inavuka kondo: watafiti waliikuta kwenye damu ya kitovu ya watoto waliozaliwa Gambia, Ghana na Kenya. Kule Gambia, watoto ambao mama zao walikula sumukuvu nyingi wakati wa ujauzito walikua polepole zaidi, urefu na uzito, katika mwaka wao wa kwanza. Hata baada ya kuzaliwa, sehemu yake hupita kwenye maziwa ya mama. Na kiungo inachokishambulia kuliko vyote ni ini.

Sasa nifike kwenye kilichonibadilisha.

Mwaka 2017 kaka yangu alifariki kwa saratani ya ini. Alikuwa na miaka 38, mtu wa swala tano, hakuwahi kuonja pombe maisha yake yote. Mwambie mama mkwe wako habari hiyo kwa heshima zote. Daktari aliyemhudumia alituita ndugu wote akasema tupimwe homa ya ini B, ugonjwa wa ini unaoletwa na virusi, kwa kuwa kaka alikuwa nayo na huenda aliipata siku aliyozaliwa. Mama yetu akakutwa nayo. Mimi nikakutwa nayo, nikiwa na mimba ya miezi mitano. Mwanangu wa kwanza, miaka mitatu, naye akakutwa nayo. Mama alituambukiza bila kujua, nami nikamwambukiza mwanangu bila kujua.

Kadi yangu ya kliniki ya mimba ile ya kwanza ninayo hadi leo. Nilipimwa VVU, kaswende na wingi wa damu. Homa ya ini B sikupimwa na wala sikujua ya kuuliza. Mtoto alipata chanjo ya pentavalenti, ambayo ndani yake mna ya homa ya ini B, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, sikukosa hata moja, lakini virusi hivi mara nyingi huingia wakati wa kujifungua, kwa hiyo sindano ya wiki ya 6 ilikuta vimeshaingia. Mtu mzima akiambukizwa, mwili wake mara nyingi huvishinda. Chini ya 5 kati ya 100 ndio hubaki navyo. Mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, kama 90 kati ya 100 hubaki navyo maisha yote. Nilipoelewa tofauti hiyo nililia siku mbili.

Mimba ya pili tulijipanga. Chanjo ya homa ya ini B ya siku ya kuzaliwa tuliinunua wenyewe mapema, ikahifadhiwa kwenye friji ya chanjo hospitalini (usiiweke kwenye barafu, ikiganda inaharibika). Binti yangu alizaliwa mwanzoni mwa 2018 na akachomwa kabla hajatimiza saa sita tangu azaliwe. Kisha akaendelea na zile za kawaida. Nilimnyonyesha miaka miwili, kwa kuwa homa ya ini B haimzuii mama kunyonyesha. Alipopimwa baada ya kutimiza mwaka, hana virusi na ana kinga.

Kwa nini basi naendelea kuzungumzia mahindi wakati tatizo langu lilikuwa virusi? Kwa sababu mawili haya yakikutana kwenye ini moja, madhara hayajumlishwi, yanazidishana. Kuna utafiti wa Shanghai wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 uliofuatilia wanaume: wenye sumukuvu peke yake hatari yao ya saratani ya ini ilikuwa kama mara 3 ya wasio nayo, wenye virusi peke yake kama mara 7, na wenye vyote viwili kama mara 60. Mwanangu ana virusi. Kwa hiyo kila punje mbovu ninayomwepusha nayo ina maana, na ile niliyokula nikiwa na mimba yake siwezi kuirudisha.

Hivi ndivyo ninavyofanya sasa. Mahindi yanaanikwa juu ya turubai, hayagusi ardhi. Kujua kama yamekauka, chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu na mahindi kiganja kimoja, tikisa kwa dakika kadhaa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha juani. Kisha nachambua kwenye ungo: iliyobadilika rangi, iliyotobolewa na wadudu na iliyovunjika naitoa. Siwapi kuku wala ng'ombe, maana itanirudia kwenye mayai na maziwa, na simpi mtu wa kutengeneza pombe. Dona naipenda na ina virutubisho kuliko sembe, lakini kama sijui mahindi yametoka wapi nakoboa, kwa sababu sumu nyingi inakaa kwenye pumba na kiini. Karanga za uji nanunua nzima, nachambua mwenyewe, nasaga mwenyewe. Unga wa lishe wa dukani ambao sijui aliyeusaga simpi mtoto wala mjamzito. Na siku kadhaa kwa wiki tunakula wali, viazi au ndizi ili mahindi yasiwe kila mlo.

Kuhusu mayai: kwetu pia walisema mtoto atazaliwa bila nywele. Mkeo ayale, yaive vizuri. Yai moja lina kama miligramu 150 za kolini, na mjamzito anahitaji kama 450 kwa siku. Kolini ndiyo inayolisaidia ini kusafirisha mafuta yatoke. Ikipungua, mafuta hubaki humo humo.

Na soda na chipsi za kila siku nazo zina nafasi yake hapa. Mtoto wa tumboni hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi mpaka miezi ya mwisho, hivyo sukari na mafuta yanayozidi kwa mama hupata pa kukaa kwenye ini. Kule Colorado, Marekani, watoto wachanga wa mama wanene waliokuwa na kisukari cha mimba walipigwa picha za MRI wakakutwa na mafuta kwenye ini zaidi kwa asilimia 68 kuliko watoto wa mama wenye uzito wa kawaida. Kilichonipa moyo ni majaribio ya nyani huko Oregon: majike waliolishwa mafuta mengi, ini la watoto wao tumboni lilijaa mafuta, lakini majike hao walipobadilishiwa chakula katika mimba iliyofuata, hali ya watoto ikawa nafuu, ingawa majike wenyewe walibaki wanene. Nilimsimulia wifi yangu hayo akaacha soda mwezi wa tano wa mimba.

Kwa hiyo mkuu, wiki hii nenda kliniki na mkeo muombe kipimo cha homa ya ini B kwa jina. Kituo cha karibu na kwangu waliniambia hawana, nikaenda maabara ya kulipia. Akikutwa nayo, ulizeni kuhusu wingi wa virusi na dawa ya tenofovir, ambayo mama hupewa wakati wa mimba kumkinga mtoto, na muanze kutafuta chanjo ya kuzaliwa sasa hivi. Mna miezi mitano, inatosha.

Na mama mkwe usibishane naye. Mama yangu alikuwa na maneno hayo hayo. Siku hizi ndiye anayekaa barazani na ungo, miwani puani, akichambua karanga za mjukuu wake, na iliyosinyaa hata moja haimpiti.

Majibu yakitoka yaandike hapa hapa, huwa naingia jioni.