Tairi za mbele kuliwa upande wa ndani tu

Hiyo si shida ya upepo. Upepo ukipungua tairi huliwa kingo zote mbili, ukizidi huliwa katikati. Kuliwa ndani tu, tena gari kuukuu, mara nyingi ni bushi (mipira) za loa amu, mkono wa chini unaoshika gurudumu, zimekwisha, au tairodi, fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu, imelegea, hivyo magurudumu yanatazama nje ukiwa mwendoni. Pitisha kiganja juu ya tairi toka ukingo wa ndani hadi wa nje na kurudi: kikiteleza ukienda na kukwaruza kama msumeno ukirudi, au kinyume chake, alaimenti (unyoofu wa magurudumu) imetoka. Halafu piga jeki, tikisa gurudumu kushoto na kulia. Likicheza, shuku tairodi. Likicheza juu na chini ni boljointi (kiungo cha duara kinachoshika gurudumu) au beringi. Bushi zimulike kwa tochi, mpira uliopasuka huonekana. Badilisha vilivyokufa kwanza ndipo upeleke gari alaimenti, la sivyo ni pesa za bure, matuta mawili matatu ya barabara ya Mombasa na imerudi pale pale. Na kwa hewa yetu ya chumvi hapa Malindi, nati za tairodi hushika kutu. Zilowanishe mafuta usiku wa kuamkia siku ya kuzifungua. Nyuzi za tairi zikishaonekana, usiihamishie tairi hiyo nyuma, tupa.