Gari dogo la spoti, gereji nyembamba: mbao ya fremu ndiyo inayokubana

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Reading, Uingereza, kwenye nyumba ya miaka ya 1930 yenye gereji yake ya matofali. Nataka kununua Mazda MX-5 ya kizazi cha nne, iliyoanza kuuzwa mwaka 2015, ya usukani wa kulia, niwe nailaza ndani hasa miezi ya baridi, barabara zinapomwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu. Vipimo: ukuta hadi ukuta mm 2420. Katikati ya urefu wa gereji kuna nguzo ya matofali kila upande, imetokeza mm 112. Tundu la mlango kwenye matofali ni mm 2200, ila ndani yake kuna fremu ya mbao ya mm 70 kila upande, kwa hiyo unabaki upana wa 2060. Urefu wa ndani ni mm 4880. Ukisimama nje ukatazama ndani, ukuta wa kushoto una mlango mdogo wa kwenda bustanini, unafunguka kwa nje, upana mm 762, unaanzia mm 900 kutoka ukuta wa nyuma. Gari litaingia? Na mimi nitatokaje?

JIBU: Marahaba. Gari litaingia. Kazi iko kwenye swali lako la pili, na nashukuru umeliuliza kabla hujatoa hela, maana wengi hupima upana wa mlango, wakaridhika, kisha siku ya kwanza wanajikuta wamekaa ndani ya gari hawana pa kupitia.

MX-5 hiyo ina upana wa mm 1735 bila vioo vya pembeni na mm 1918 vikiwa wazi. Urefu ni mm 3915. Kwa hiyo kila kioo kinatokeza takriban mm 91 nje ya bodi. Kwenye mlango wako wa 2060, ukipita katikati kabisa, unabakiwa na mm 71 kila upande vioo vikiwa wazi. Inapitika, kwa mwendo wa kobe.

Lakini hutaki kupita katikati. Unataka gari liegemee upande wa abiria ili nafasi yote iliyobaki iwe ya dereva. Hapo ndipo fremu inapokuumiza. Gereji yako ina urefu wa mm 4880 na gari ni 3915, yaani ukishaingia huna urefu wa kulisogeza gari kando kwa usukani. Mstari uliopitia mlangoni ndio utakaoegesha nao. Ukiacha mm 80 kati ya bodi na fremu upande wa abiria, bodi inakaa mm 260 kutoka ukuta ule: 180 za pembeni (110 za matofali na 70 za fremu), na 80 zako. Ongeza 1735, toa kwenye 2420: upande wa dereva zinabaki mm 425, na penye nguzo mm 313. Mm 425 kwa mlango mrefu wa gari la milango miwili ni kidogo mno.

Sasa iondoe fremu hiyo kwenye tundu. Weka mlango mpya ambao reli zake zinafungwa nyuma ya ukuta wa mbele, ndani ya gereji, badala ya kukaa kati ya matofali. Tundu linarudi 2200. Acha zile zile mm 80, na upande wa dereva unapata mm 495. Mbao ya upande wa abiria, ambayo hata huigusi unaposhuka, ndiyo iliyokuwa inakula mm 70 za mlango wako.

Mlango unaokufaa ni wa rola, ule unaojiviringisha juu. Reli zake huwa na upana wa mm 75 hadi 90, na wewe una mm 110 za ukuta kila upande wa tundu kwa ndani. Zinatosha. Kabla ya kuagiza, pima nafasi kati ya linta (boriti iliyo juu ya tundu) na dari: boksi la rola la kawaida linataka karibu mm 300, lile dogo karibu 205. Ukiwa na pungufu ya hapo, boksi litashuka mbele ya tundu na kupunguza kimo, ambacho kwa gari lenye kimo cha karibu mm 1230 si hasara kubwa. Usikubali fundi akushawishi mlango wa kuinua wenye reli za kulala darini: mikono yake ya pembeni hupunguza upana wa kupita, nawe unarudi ulikotoka. Na usichonge matofali ya tundu wala nguzo za ndani. Kuta za gereji za namna hii mara nyingi ni tofali moja la unene wa mm 102 tu, na nguzo zile ndizo zinazoufanya ukuta usimame imara upepo unapopiga.

Jambo jingine kabla hujatoboa popote: kama paa ni la mabati ya saruji yenye mawimbi, au dari ina mbao ngumu za kijivu, lichukulie kuwa na asbesto mpaka lipimwe. Uingereza ilipiga marufuku asbesto nyeupe mwaka 1999, na gereji nyingi za zamani bado zimeezekwa nayo. Ikiachwa bila kuguswa na haijavunjika haina shida kubwa. Vumbi la drili ndilo hatari.

Kuingia kinyumenyume

Kwa gereji yako, ingia kinyumenyume. Sababu ni tatu.

Ya kwanza ni upande wa kushukia. Ukiingia kwa pua, dereva anashukia ukuta wa kulia. Ukiingia kinyumenyume, anashukia ukuta wa kushoto, na huko ndiko uliko mlango wako wa bustani. Ya pili ni nguzo. Mlango wa gari hili uko karibu zaidi na nyuma ya gari. Mwombe muuzaji akuache upime: kutoka bampa ya nyuma hadi ukingo wa nyuma wa mlango wa dereva, na urefu wa mlango wenyewe kuanzia kwenye bawaba. Tuseme umepata mita 1.3 na mita 1.1. Ukiacha mm 100 kati ya bampa na ukuta wa nyuma, ukingo wa mlango unakaa mm 1400 kutoka ukuta, na ukifunguka nyuzi 25 hivi husogea kuelekea bawaba kama mm 100, yaani hadi 1500. Mlango wa bustani unaanzia 900 na kuishia 1662. Ukingo unaangukia ndani yake. Ukiufungua mlango wa bustani kwanza, mlango wa gari unapenya kwenye tundu lile na huishii tena kwenye zile mm 495. Nguzo ya katikati nayo inakuwa karibu na bawaba, mahali ambapo mlango hautokezi sana. Ukiingia kwa pua, nguzo ya upande wa pili inaangukia karibu na ukingo wa mlango, pabaya kuliko pote.

Ya tatu ni usukani. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayokata kona, na yakibaki nje unaweza kurekebisha nyuma ya gari hadi dakika ya mwisho. Ukiingia kwa pua huku bado unakata, magurudumu ya nyuma yanapita ndani ya njia ya yale ya mbele. Kwa MX-5 hii, yenye mm 2310 kati ya ekseli na duara la kugeukia la mita 9.4, ukikata usukani wote tofauti hiyo inafika karibu sm 60. Ubavu unakwaruza ukingo wa tundu wakati macho yako yako mbele. Hata kinyumenyume, gari liwe limenyooka kabla bampa ya nyuma haijafika kwenye mlango. Ukitoka kwenye kona, jipe angalau urefu wa gari zima wa kunyoosha.

Kuna gharama yake: bomba la moshi linaelekea ndani. Zima injini mara gari linaposimama, na asubuhi washa ukiwa tayari kutoka. Usiipashe moto ndani hata kwa dakika mbili, hasa kama gereji ina mlango wa kuingilia nyumbani.

Reli ya sakafuni

Kioo cha upande wa abiria kinatokeza mm 91 na wewe umeacha 80, kwa hiyo lazima ukikunje kabla ya kuingia. Hicho hukunjwa kwa mkono, ila ukikikunja huoni tena upande ule. Kazi ya kuona inafanywa na mbao.

Weka gari kwenye sakafu iliyosawazika. Ning'iniza timazi kutoka sehemu pana kuliko zote ya bodi upande wa abiria, tia alama ya chaki, kisha pima kutoka alama hiyo hadi uso wa nje wa tairi la nyuma. Tuseme tairi limeingia ndani mm 30. Bodi inatakiwa kukaa mm 190 kutoka ukuta wa kulia (110 na 80), tairi linakaa 220, na ukingo wa reli unaotazama tairi utaufunga kwenye mm 200. Tairi likiigusa reli, bodi bado iko mm 58 kutoka kwenye nguzo. Hakuna kinachokwaruzwa.

Chukua mbao iliyotiwa dawa, mm 50 kwa 50 au karibu na hapo, vipande viwili vya mita 1.7 vyenye pengo la mm 100 katikati ili maji yapite. Kimo hicho kina maana. Tairi la 195/50 R16 lina ubavu wa mm 97, la 205/45 R17 lina mm 92, na uzito wa gari unaubonyeza kidogo. Mbao ya mm 50 inagusa mpira. Ukiweka ya mm 100 inagusa rimu, na rimu ya alumini iliyokwaruzwa hairudi ilivyokuwa kwa rangi ya kopo. Ncha inayotazama mlango ichonge mshazari wa mm 300 ili tairi lipokelewe taratibu. Funga kwa skrubu za zege za mm 100 kila baada ya mm 500: nusu ndani ya mbao, nusu ndani ya zege. Usizidishe kina hicho, maana chini ya zege kunaweza kuwa na karatasi ya kuzuia unyevu.

Nyuma weka kizuizi cha magurudumu mahali ambapo bampa inabakiwa na mm 100. Kitafute gari likiwa ndani, mtu mwingine akiwa nje ya gereji na tochi, kamwe asisimame kati ya gari na ukuta.

Kushuka

Fanya jaribio hili siku ya kulikagua gari. Pima mm 495 kutoka ubavu wa dereva, simamisha hapo mapipa mawili ya taka, yale ya magurudumu, yawe ukuta wako. Fungua mlango hadi uguse pipa na ushuke, ukiwa na koti la baridi. Kiti kisogeze nyuma kabisa kwanza. Mlango una unene, na sehemu ya kuwekea mkono inatokeza ndani, kwa hiyo ile 495 haiwi yote yako. Kama mlango una unene wa mm 170 pale kwenye ukingo, umebakiwa na 325.

Hapo paa la kitambaa linakuokoa. Kwenye MX-5 hii linafunguliwa kwa mkono kutoka kwenye kiti, lachi moja katikati ya kioo cha mbele. Likiwa limekunjwa unasimama wima na kutoa mguu mmoja mmoja, badala ya kujipenyeza umejikunja. Ukishatoka, lirudishe juu. Lakini usilikunje likiwa limelowa: kitambaa kilichokunjwa na maji hufanya ukungu na mikunjo yake hubaki na alama. Kwa mvua za huko ni siku nyingi, na ndiyo maana nimeshikilia sana habari ya mlango wa bustani.

Ukingo wa mlango wa gari uviringishe tepu ya karatasi, paka chaki, ufungue polepole hadi uguse ukuta au fremu ya mlango mdogo. Alama itakayobaki ndipo pa kubandika sponji yenye vitundu vilivyofungika, isiyonyonya maji, unene mm 20, kama ile ya mikeka ya kambi. Zulia usiweke. Linashika mchanga na kugeuka msasa.

Kama jaribio la mapipa limekushinda, angalia kizazi cha pili, cha 1998 hadi 2005. Upana wake ni mm 1680, unapata 55 zaidi na mlango wako unakuwa na mm 550. Chunguza tu kutu kwenye vizingiti vya chini ya milango, karibu na magurudumu ya nyuma. Matundu ya kutolea maji yakiziba, vinaoza kutokea ndani. Kizazi cha tatu, mm 1720, hakikuongezei cha maana.

Kuhusu vile vigari vya kuwekwa chini ya kila gurudumu ili gari lisukumwe kando: ni vizuri kwa gari linalolala majira yote ya baridi, juu ya zege laini lisilo na mteremko. Gurudumu dogo likinasa kwenye ufa, gari la kama tani moja linasimama ghafla upande mmoja, na likianza kuteremka halina breki. Kwa matumizi ya kila siku sikushauri.

Mwisho, unyevu. Ukuta wa tofali moja hupitisha baridi na maji, na ubavu wa abiria utakaa sentimita chache tu kutoka kwenye nguzo. Osha chumvi chini ya gari kabla ya kuliingiza, uache mlango wa rola wazi kiasi cha ngumi hadi likauke. Ukitaka mashine ya kukausha hewa, chukua inayotumia kemikali ya kufyonza unyevu. Ile ya kompresa inadhoofika sana kwenye baridi ya gereji isiyo na joto.