Mwongozaji anataka ufanane na muziki wa muda

Ndugu, unasema mwongozaji aliihariri filamu kwa muziki wa muda, wa kuazima, na sasa kila unachotunga anakwambia "sogea karibu na ule." Pole, keshauzoea huyo. Mtunzi Alex North yalimkuta makubwa zaidi: aliitungia 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick, ila filamu ilipotoka 1968 muziki wake haukuwemo. Ukabaki ule wa muda, wa watunzi kina Strauss.

Usibishane naye kuhusu noti. Muulize anapenda nini hasa pale: mwendo, fidla zinavyoingia mlango unapofunguka, au kile kimya kinachofuata? Chukua hilo tu, melodi iwe yako. Aking'ang'ania nakala, basi akanunue haki za wimbo wenyewe. Ukinakili wewe na kesi ikija, jina lililoandikwa ni lako. Filamu ijayo omba uanze kabla ya uhariri.