Kabla Hujanunua Klachi Mpya, Nusa Belti

Jumatatu usiku nilikuwa jikoni ujumbe ulipoingia, umetoka kwa msomaji wa Kisumu mwenye kwadi, zile pikipiki za magurudumu manne. "Habari yako dada. Nimepata kwadi ya mtumba, 500cc, lakini mlimani inachoka. Fundi ameniambia niiwekee klachi ya mashindano itaruka kama swala. Niambie bei ya hiyo kit."

Nilicheka mpaka chai ikafurika. Halafu kicheko kikaniisha, kwa sababu miaka mitatu iliyopita aliyekuwa akiuliza swali hilohilo ni mimi, na fundi aliyenijibu alinijibu vivyo hivyo.

Nyinyi mnaonisoma najua tunataka kitu kimoja. Mashine ipande mlima na watu wawili mgongoni, irudi nyumbani bila kulialia, na mteja aseme Jumapili ijayo analeta wenzake. Basi kaeni niwasimulie ilivyonigharimu, maana vidokezo peke yake mtavisahau kabla ya kufika gereji.

Kwadi yangu ya kwanza niliinunua Kisumu pia. Mwenyewe alikuwa akiiendesha ufuoni upande wa Dunga, na siku niliyoijaribu ilinirusha kwenye mchanga nikapiga kelele kama mtoto. Nikalipa siku hiyohiyo. Tukaipakia kwenye pikapu, tukapanda Kericho, tukashuka Salgaa, tukafika Nakuru usiku. Asubuhi nikaipeleka barabara ya kupanda Menengai, mlima wa volkano wenye kreta hapo Nakuru, mahali nilipopanga kubebea wageni. Ilikuwa mashine nyingine kabisa. Ilikoroma, ikavuta pumzi, ikapanda kama mzee aliyebeba gunia la viazi.

Nilidhani nimeuziwa injini iliyokufa, na mwenye Kisumu nilimsema vibaya sana, Mungu anisamehe. Kumbe injini ilikuwa nzima. Kisumu iko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa Menengai uko mita 2,278. Injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Piga hesabu mwenyewe: zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu niliyolipia ilibaki ufuoni kwa wavuvi.

Hayo siku hiyo sikuyajua. Nilichojua ni kwamba ninahitaji msaada, na kwamba matairi yake yalikuwa madogo hayapendezi. Nikaanza na matairi. Nikatoa ya inchi 25 nikaweka ya inchi 27 yenye meno makubwa, nikapiga picha, nikasifiwa. Hakuna aliyeniambia kwamba tairi kubwa hivyo ni sawa na kuongeza gia kwa asilimia 8, na mimi nilikuwa na mashine ambayo tayari inalemewa.

Ndipo nikaenda kwa fundi. Simtaji, na wala gereji yake siitaji. Alifungua kifuniko, akatazama sekunde kumi, akasema, "Madam, klachi imeisha." Nikamuuliza imeishaje. Akawaangalia vijana wake, wakacheka. "Madam, hii ni mambo ya ndani ya mashine, wewe tuachie." Kile kicheko bado ninakisikia, sitawaficha. Nimesamehe pesa, kicheko bado.

Alichofanya nilikuja kukijua baadaye, nilipofungua mwenyewe. Aliweka vyuma vizito zaidi kwenye puli ya mbele, vya kit ya mashindano, yaani seti ya vipuri. Puli yenyewe aliitoa kwa tindo na nyundo badala ya pula, chombo cha kuivutia puli nje, akaacha alama ya jino kwenye ukingo wa alumini. Na juu ya yote, alipaka grisi kwenye uso wa puli ya nyuma. "Ili iteleze vizuri," alimwambia mpwa wangu. Grisi! Mahali ambapo kazi yote ni belti kutoteleza!

Wale waliozoea bodaboda nisiwaache nyuma. Pikipiki yako ina mkono wa klachi, na ukitaka kuirekebisha unaangalia mchezo wa mkono ule, milimita 10 hadi 20 kwenye ncha kabla haujaanza kuvuta, basi. Kwadi nyingi hazina mkono huo. Ubavuni, chini ya kifuniko cha plastiki, kuna puli mbili na belti ya mpira kati yake, na hizo ndizo tunazoziita klachi. Puli ya mbele imekaa kwenye kranki ya injini. Ndani yake mna vyuma vidogo, kwenye mashine nyingine ni rola, na injini ikizunguka kasi vinatupwa nje na kusukuma uso mmoja wa puli umkaribie mwenzake. Belti ikibanwa hivyo inapanda juu ya puli ya mbele, na puli ya nyuma inalazimika kufunguka. Gia imebadilika na wewe hujagusa kitu. Springi ya mbele kazi yake ni kupingana na vile vyuma. Springi ya nyuma inaibana belti isiteleze, tena inairudisha kwenye gia ndogo ukikutana na mlima.

Angalia vizuri: humo ndani hakuna mahali nguvu inaongezwa. Klachi inachagua tu injini ifanye kazi ikizunguka mara ngapi kwa dakika. Anayekuuzia klachi akakuahidi nguvu amekuuzia maneno. Vyuma vizito vinaifanya belti ipande mapema, injini ikiwa bado iko chini. Vyuma vyepesi vinaichelewesha, injini inapata nafasi ya kupanda mpaka pale nguvu zake zilipo. Mimi nilikuwa juu ya mlima, hewa nyepesi, matairi makubwa, nikihitaji vyuma vyepesi na springi ngumu zaidi ya nyuma. Nikawekewa vyuma vizito na grisi.

Jumapili iliyofuata nilikuwa na wageni wawili kutoka Nairobi, bwana na bibi, wamevaa viatu vyeupe. Nilimpakia bibi nyuma yangu, bwana akapanda kwadi ya pili na mpwa wangu. Kwenye kona ya mwisho kabla ya ukingo nikabonyeza mafuta. Injini ikanguruma, mashine ikatambaa. Nikabonyeza zaidi. Harufu ikaja, harufu ya mpira ulioungua, kama kandambili iliyodondoka kwenye jiko la makaa. Bibi akaniuliza, "Ni kawaida hiyo?" Nikamwambia ndiyo, ni kawaida ya hapa. Nilisema uongo kwa mdomo mkavu. Hazikupita sekunde ishirini nikasikia mlio kama bunduki ya mtoto, na kwadi ikasimama.

Mnajua Menengai ina mapango ambayo watu huenda kufunga na kuomba. Kikundi kimoja kilikuwa kikipita kwa miguu na vitabu vyao kwapani. Mama mmoja akasimama, akaniangalia, akaangalia moshi, akaweka mkono juu ya tangi la kwadi yangu akaiombea. Sikujua nilie au niseme amina. Nilisema amina. Tukashuka kwa miguu, viatu vyeupe na vyote, nikarudisha pesa zao.

Na mkidhani nilijifunza, hapana. Nilinunua belti nyingine, shilingi elfu kumi na mbili, nikafunga juu ya puli ileile yenye grisi. Ilidumu siku nne.

Usiku wa belti ya pili nilifungua kifuniko mwenyewe, tochi ya simu mdomoni. Nyuzi za belti zilikuwa zimejisokota kwenye shafti ya puli ya nyuma, nyeusi, zimekazana kama nywele kwenye kitana. Nilizikata moja moja kwa wembe mpaka saa saba. Nilipopitisha kidole kwenye ukingo wa puli ya mbele nikakutana na ile alama ya tindo, ina ncha kali inayokwaruza ngozi. Kila mzunguko ilikuwa ikinyoa belti yangu. Ndipo nilipoapa kwamba kifuniko hiki hakitafunguliwa tena na mtu nisiyemwona.

Kwa hiyo, kaka yangu wa Kisumu, kabla hujauliza bei, nusa. Zima mashine, subiri ipoe, fungua kifuniko, nusa na uangalie. Belti inayong'aa pembeni kama kioo imeteleza ikaungua. Belti iliyokonda ipime upana kwa venia, kile kipimo cha mafundi cha milimita, ulinganishe na kiwango kilicho kwenye kitabu cha mashine. Nyuso za puli zisugue kwa sponji ya kijani ya kuoshea sufuria, kisha uzifute kwa spiriti na kitambaa safi mpaka kitambaa kisichukue uchafu. Hapo usipake kitu. Nirudie? Usipake kitu. Mashine nyingi zinazokoroma zina puli chafu na belti iliyochoka, hazina haja ya kit yoyote.

Ukishafunga belti mpya, mshale wake ukiangalia upande injini inakozunguka, iendeshe polepole kilomita 50 za kwanza bila kubonyeza mafuta mpaka mwisho. Najua utaona ni uzembe. Mimi pia niliona hivyo.

Sasa kama bado inalemewa, ndipo tuongee vyuma na springi. Kitabu cha mashine kinataja mizunguko ambayo injini yako inatoa nguvu zake zote. Tafuta barabara tambarare iliyo wazi, bonyeza mpaka mwisho, mtu mwingine asome kipima mizunguko. Ikibaki chini ya pale, punguza uzito wa vyuma. Ikipita juu, ongeza. Gramu moja au mbili kwa kila kipande utaisikia, na vipande vyote viwe na uzito mmoja. Badilisha kitu kimoja kwa siku, uandike kwenye daftari. Mimi nina daftari la shule la kurasa 96 lenye mafuta ya vidole kila ukurasa, na ndilo lililonifundisha kuliko gereji zote za mjini. Springi usinunue kwa rangi, maana nyekundu ya mtengenezaji mmoja si nyekundu ya mwingine. Puli itoke kwa pula. Na ukipakia mizigo au ukipanda mahali pakali, weka gia ya L, ile ndogo ya mwendo wa polepole. Wengi wetu tunaona L ni gia ya waoga, halafu tunanunua belti kila mwezi. Maji yakiingia kwenye kifuniko, fungua kizibo cha chini yamwagike, weka nyutro, izungushe taratibu mpaka ikauke.

Kwangu mimi mwisho wake ulikuwa hivi: vyuma vyepesi, springi ya nyuma ngumu kidogo, puli mpya ya mbele, na matairi ya inchi 25 yakarudi. Ndiyo, yale madogo yasiyopendeza. Belti ya sasa ina mwaka na miezi miwili. Yule fundi aliniona juzi kwenye petroli stesheni, akaizunguka kwadi, akauliza nani aliyeitengeneza. Nikamwambia, "Mambo ya ndani ya mashine, fundi, wewe tuachie." Mpwa wangu anasema haikuwa adabu. Pengine.

Lakini wewe wa Kisumu usinakili vyuma vyangu. Uko chini kwa zaidi ya mita elfu moja. Ukiweka vyepesi kama vyangu injini italia juu kabisa na mashine isiende popote. Klachi inarekebishwa kwa mlima wako, matairi yako na mzigo wako. Niandikie unaiendesha wapi, umebeba nini, na umevaa tairi gani.

Nilimjibu hivyo usiku uleule, kwa ufupi. Jana asubuhi akanitumia picha. Kifuniko kimefunguliwa, kidole chake kimeelekezwa kwenye puli ya nyuma, na uso wa puli unang'aa kwa grisi mpya, ya manjano, iliyopakwa kwa uangalifu mwingi. Nimemwambia asiiwashe. Anatafuta sponji.