Paka kakung'ata kidole? Usisubiri Jumatatu, mimi nilisubiri

Mkuu acha unachofanya usome hapa kwanza. Umeandika paka wako kakung'ata jana jioni ulipokuwa unamwogesha, kidole cha shahada, mkono wa kulia, vitundu viwili "kama vya sindano", ukapaka spiriti ukabandika plasta, leo kidole kimeamka kimevimba na kinagonga, na unauliza kama unaweza kusubiri mpaka Jumatatu. Halafu ukauliza na habari ya mtoto aliyeng'atwa na mwenzake shuleni. Jibu la hilo la kwanza ni HAPANA. Usisubiri hata jioni.

Nimesoma waliojibu hapo juu wanakuambia hicho ni kitundu tu, kitaisha chenyewe, kanda na maji ya chumvi. Roho imeniuma kweli, maana ndivyo nilivyoambiwa mimi, maneno yaleyale, na leo hii ninavyoandika hapa kidole changu cha kati hakifiki kwenye kiganja nikikunja ngumi. Kinaishia njiani.

Yangu ilikuwa Ijumaa usiku. Paka wa ndani, nimemlea mwenyewe, nikajaribu kumtoa chini ya kitanda kwa nguvu akanidunga hapa kwenye pingili ya katikati, upande wa ndani wa kidole. Damu ilitoka matone mawili. Nikapitisha kidole kwenye bomba sekunde kama tano hivi, spiriti, plasta nikaikaza kabisa, nikalala. Jumamosi asubuhi nashindwa kufunga kifungo cha shati kwa sababu kidole kimejaa na kila moyo ukipiga nacho kinapiga. Nikaenda duka la dawa.

Hapa ndipo ninapopata hasira mpaka leo. Muuza dawa alikitazama kidole kutoka upande wake wa kaunta, hakukigusa, akasema "paka wa ndani hana shida", akanipa kloksasilini, vidonge vya kuua bakteria, za siku tatu. Hakuuliza nimeng'atwa saa ngapi, hakuuliza kama nakunja kidole, hakuuliza paka kachanjwa. Nikatoka pale na amani moyoni kabisa, na ile amani ndiyo iliyonigharimu, kwa sababu Jumamosi nzima na Jumapili nzima nilikuwa namuuguza mtu aliyekwisha tibiwa, yaani mimi, kila nikiumia najiambia dawa inafanya kazi. Haikuwa inafanya kazi. Mdomoni mwa paka wengi tu, wazima, wasafi, wanaolala kitandani kwako, anaishi bakteria anaitwa Pasteurella, na huyu kloksasilini haimwezi vizuri. Anaenda mbio, mara nyingi ndani ya saa 24 umeshavimba, na ndiyo maana nikisoma kwamba wewe umevimba usiku mmoja tu tumbo linanikaza. Daktari akaja kuniambia dawa ya kung'atwa na paka kwa kawaida ni amoksilini ile iliyochanganywa na klavulaneti (kama una aleji ya penisilini sema mapema, wana nyingine), na hata hiyo inataka mtu aone kidole kwanza. Sasa mtu anayeuza dawa kila siku hajui hilo, na kama hajui kwa nini asiniambie tu nenda kaonwe? Maneno matatu hayo.

Jumapili jioni kidole kimekuwa kinene sawasawa toka shina mpaka ncha, kimejikunja kidogo chenyewe, kukinyoosha siwezi. Jumatatu nikafika hospitali. Daktari wa zamu akanishika ncha ya kidole, taratibu sana, akakinyoosha kama nusu inchi tu, nikapiga kelele watu wa nje wakanyamaza. Akabonyeza kwa kidole chake kuanzia kiganjani kupanda juu, kote kunauma. Akasema dalili zote nne za maambukizi kwenye njia ya kano, ile kamba inayokunja kidole, ninazo: kimevimba kizima, kimejikunja, kinauma ukibonyeza njia ya kano, kinauma ukikinyoosha. Akachukua kalamu akachora mstari kuzunguka wekundu uliokuwa umepanda mpaka juu ya kifundo cha mkono, akaandika saa pembeni ya mstari, ili waone kama unavuka. Ulivuka. Usiku uleule nikaingia chumba cha upasuaji.

Kuna kitu daktari alinieleza kesho yake na ndicho nataka kikae kichwani mwako. Kano inayokunja kidole inapita ndani ya ala, kama kisu kwenye ala yake, bomba jembamba lenye ute ili kano iteleze. Damu humo ndani inafika kidogo sana. Jino la mbwa linachana na kuponda, nyama inaonekana, damu inamwagika, watu wanapiga mayowe unakimbizwa hospitali. Jino la paka ni jembamba na kali, linadunga tu, linapita ngozi, linapita nyama, linaacha uchafu wa mdomo wake mle ndani ya ala au ndani ya kiungo, halafu likitoka ngozi inajifunga nyuma yake. Kwa juu unaona kitundu cha sindano, kwa ndani umefungiwa mgeni kwenye chumba kisicho na mlango, na usaha ukijaa pale unabana kano mpaka inaanza kufa. Ile spiriti uliyopaka haifiki huko hata kidogo. Na plasta ya kukaza ndiyo kabisa.

Kwa hiyo kidonda kidogo MKONONI ndicho cha kuogopa. Mayo Clinic kule Marekani walitazama watu 193 waliong'atwa na paka mkononi kati ya 2009 na 2011, na 57 walilazwa. Karibu theluthi! Najua kuna watakaocheka kwamba mtu mzima analazwa kwa paka, chekeni tu, mimi nilikuwa na dripu mkononi siku sita na nilioshwa ala ya kidole mara mbili kwa upasuaji, kisha wiki nane za mazoezi ya kukunja mpira wa sponji huku nauma meno.

Sheria yangu ni moja na siibadilishi: jino likipita ngozi ya mkono, unanawa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kwa saa, halafu unaonwa na daktari siku hiyohiyo. Siku hiyohiyo maana yake kabla hakijavimba. Wewe jana imeshapita, basi ni leo, sasa hivi. Na dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani, weka simu ikuhesabie, mimi nilifikiri sekunde tano ndio kunawa.

Na hizo dakika 15 si za Pasteurella peke yake. Kitu cha kwanza nilichoulizwa hospitali ni kama paka kachanjwa kichaa cha mbwa na yuko wapi sasa hivi. Chanjo yake ilikuwa imepita muda na alikuwa anatoka nje usiku, sikuwa na jibu la kueleweka. Wakaanza kunichanja palepale, siku ya 0, ya 3, ya 7, ya 14, na dawa nyingine ya kinga wakaichoma kuzunguka kidonda chenyewe, na hiyo inauma, sitakudanganya. Paka akawekwa chini ya uangalizi siku 10. Usikubali mtu akuambie ungoje siku 10 ziishe ndio uanze chanjo, unaanza, paka akimaliza siku 10 mzima daktari ndiye anaamua kusimamisha. Maana kichaa cha mbwa dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona, na Shirika la Afya Duniani wanakadiria kinaua watu kama 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa mbwa na kama asilimia 40 ni watoto, wakati chanjo ya baada ya kung'atwa ipo tangu mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alipomchanja mvulana aliyeng'atwa na mbwa mwaka 1885. Wewe hukusema paka wako kachanjwa lini. Chukua kadi yake uende nayo. Na uliza sindano ya pepopunda kama huikumbuki ya mwisho.

Wasikushone wala usizibe na gundi, tundu la paka mkononi linaachwa wazi lipumue na kutoa uchafu. Ukikutana na anayetaka kulifunga haraka muulize kwa nini.

Huyo mtoto aliyeng'atwa na mwenzake, kama ngozi haikupasuka mnawishe mambo yaishe. Kama imepasuka, sheria ni ileile, mdomo wa binadamu nao una vijidudu vyake. Kibaya zaidi ni vijana wanaopigana, ngumi ikakutana na jino la mtu, kwenye kifundo cha kidole kinabaki kikato kidogo mtu anaona aibu kusema kilitokeaje, anasema kajikata na bati. Kiungo kiko palepale chini ya ngozi. Mwambieni daktari ukweli jamani, matibabu yanabadilika.

Sasa wewe mkuu. Jaribu hivi ukiwa umekaa: mkono wenye kidonda uweke mezani, tumia mkono mwingine kunyoosha ncha ya kidole taratibu. Kikiuma njia nzima kuelekea kiganjani usiende zahanati ya kungoja foleni ya kadi, nenda hospitali yenye daktari wa upasuaji. Hata kisipouma nenda, nasema hivi ili ujue uende wapi tu. Njiani uinue mkono juu ya kifua, usiuning'inize. Na umesema una pete kidole cha pili yake, ivue sasa hivi kwa sabuni, uvimbe ukihamia hapo haitoki tena. Ya kwangu waliikata kwa msumeno mdogo saa saba usiku na muuguzi akanipa vipande viwili kwenye bahasha.